Faili Linasema "Amekataa": Kisa cha Fundi wa Ngamiani

Kwenye faili lake, ukurasa wa maandalizi ya upasuaji, kuna mstari mmoja wa kalamu ya buluu: "Mgonjwa amekataa kurekebishwa titi." Yaani amekataa kujengewa titi jingine baada ya lenye saratani kutolewa. Mwandiko ni wangu, na si kweli. Siku ile mama yule hakukataa. Alisema "bado". Anayesema "sitaki" amemaliza maneno. Anayesema "bado" anakudai kitu: umpe muda, umpe maelezo, umwambie mpaka lini. Mimi nilikuwa na wagonjwa kumi na saba kwenye benchi, nikaandika lililokuwa fupi.

Nimepata idhini yake kuandika haya, ila jina nimebadilisha pamoja na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha. Nitamwita Mama Salha. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya upasuaji hapa Tanga, na hospitali yetu sitaitaja, kwa sababu katika kisa hiki makosa yetu ni mengi kuliko ya mgonjwa.

Mama Salha ana miaka 43 na watoto watatu, wawili kati yao wa kupasuliwa. Ni fundi cherehani Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba. Anashona madera, sare za shule, na mapazia ya watu wa Raskazone wakimtuma. Uvimbe aliugusa akioga, titi la kushoto. Duka la dawa wakampa vidonge vya jipu, baadaye akatokea mtu wa kufukiza, na ikapita miezi tisa. Alipotufikia uvimbe ulikuwa na sentimita 6 na mitoki, yaani tezi za kwapani, imeshikana. Kinyama kilipopimwa kikaonyesha saratani inayolishwa na homoni. Hatua ya tatu. Sitakaa hapo; habari ya kuchelewa inasimuliwa kila siku, na kumsimanga mtu kwa miezi tisa hakumrudishii hata siku moja.

Mpango ulioandikwa ulikuwa huu. Kwanza dawa za dripu, zile watu wanaita kemo, mara nane kwa nafasi ya wiki tatu tatu, ili uvimbe usinyae. Kisha kutoa titi lote pamoja na mitoki ya kwapani. Kisha mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Kisha vidonge vya tamoksifeni, vya kuizuia homoni isilishe saratani, kila siku kwa miaka mitano au zaidi.

Angalia lile neno mionzi limekaa wapi. Uvimbe unaozidi sentimita 5, wenye mitoki iliyoshikana, hupangiwa mionzi hata kama dripu zimefanya kazi vizuri. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua kifua chake kitapigwa mionzi. Jambo hilo ndilo lililokuja kuamua karibu kila kitu, na hakuna aliyemweleza maana yake mpaka dripu ya sita. Hata siku hiyo hatukuanza sisi. Alianza yeye.

Alikuwa amekaa na mgonjwa mwenzake kutoka Muheza, dripu mkononi, wanaangalia simu. Huyo mwenzake alikuwa na picha ya ndugu yake aliyetolewa titi akawekewa jingine siku hiyo hiyo. Mama Salha akaniita: "Nesi, kumbe mtu anaamka nalo?"

Nikamjibu: "Tutibu ugonjwa kwanza mama, urembo baadaye."

Jibu hilo nimelisikia likisemwa miaka mingi na nikalirudia bila kulitafuna. Kosa lake la kwanza ni neno urembo. Mtu aliyekatwa mguu akiomba wa bandia hatumwambii habari za urembo. Kosa la pili, ambalo kitabibu ni kubwa zaidi, ni ile "baadaye". Kurekebisha titi kunaweza kufanyika siku ile ile ya kulitoa au miezi na miaka mbele, lakini mazungumzo yake hayawezi kusubiri, kwa kuwa namna ngozi inavyokatwa na kufungwa siku ya kwanza ndiyo anayoikuta daktari atakayekuja kujenga. Huwezi kukata kitambaa leo halafu kesho ndiyo uulize kilikuwa cha nguo gani. Mfano huo ni wake mwenyewe, alinipa baadaye sana, na aliusema kwa hasira.

Wiki mbili baadaye alirudi na daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma umejaa maswali. Tulikaa naye mimi na daktari wa upasuaji kwa karibu saa nzima, jambo ambalo kwenye kliniki yetu halitokei hivi hivi.

Njia ya kwanza ni mfuko wa silikoni. Mara nyingi huanza na puto linalowekwa chini ya msuli wa kifua, likajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kila wiki moja au mbili mpaka ngozi itanuke, kisha likatolewa na mfuko ukawekwa. Si kitu kipya, mfuko wa kwanza wa silikoni uliwekwa Houston, Texas, mwaka 1962. Ila mionzi na mfuko havielewani. Mwili huzungushia kila kitu kigeni utando wa kovu, na kovu lililopigwa mionzi hukaza, likaubana mfuko mpaka titi likawa gumu kama embe bichi, pengine likapanda juu na kuuma. Ngozi ya hapo nayo huponea kwa shida, na wapo wanaolazimika kuutoa kabisa. Bila mionzi, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kwa mwenye mionzi mbele yake, hata madaktari wanaoipenda huikaribia kwa tahadhari. Na hata ukikaa salama mfuko si wa maisha, wengi huja kubadilishiwa miaka ya mbele.

Mama Salha hakushtushwa na kovu. Alichouliza ni hayo maji anajaziwa wapi. Dar. Maji kiasi gani? Kama nusu kikombe cha kahawa, pengine zaidi kidogo. Akafunga daftari. "Nipande basi Kange, nipite Segera na Chalinze, kilomita mia tatu na hamsini, kwenda kutiwa nusu kikombe cha maji? Halafu wiki ijayo tena?" Daktari akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Njia ya pili ni kuchukua nyama ya mtu mwenyewe kutoka mgongoni. Msuli mpana unaoshuka kutoka kwapani huletwa mbele na ngozi yake, ukiwa bado umeshikwa na mshipa wake wa damu. Daktari wa Italia aitwaye Iginio Tansini alieleza ufundi huu mwaka 1906, ukaja kusahauliwa, ukafufuliwa miaka ya 1970. Nyama yenye damu yake huivumilia ngozi iliyopigwa mionzi kuliko mfuko unavyofanya, na ndiyo sababu huchaguliwa baada ya mionzi. Bei yake inalipwa na bega. Wengi hurudi kwenye kazi za kawaida, lakini anayevuta, anayepiga kasia au anayejisukuma juu kwa mikono huhisi pengo. Na kwa mwenye titi kubwa nyama ya mgongoni peke yake haitoshi. Huongezewa mfuko nyuma yake, ukarudi kule kule.

Ya tatu ni nyama ya tumboni, ile ya chini ya kitovu. Inatosha hata kwa titi kubwa, na likiponea vizuri hunenepa na kupungua pamoja na mwenyewe. Namna moja huchukua na msuli wa tumbo, ukuta ukabaki dhaifu na hatari ya ngiri. Namna nyingine huacha msuli, ikachukua ngozi na mafuta tu, lakini mishipa inaungwa upya kwa hadubini, saa nyingi mezani, na inahitaji timu nzima iliyoizoea. Zote mbili zina wiki kadhaa za kutonyanyua kitu, na Ngamiani huko maji yakikatika ndoo hainyanyuliwi na jirani kila siku. Upasuaji wa uzazi si kizuizi kwa kawaida, ila daktari lazima aujue.

Kulikuwa na kitu cha nne ambacho hakuna mgonjwa wetu aliyewahi kuambiwa, mimi nikiwemo miongoni mwa wasiosema: kwa mwenye matiti makubwa, kilio kikubwa mara nyingine si lililoondoka bali lililobaki. Uzito wa upande mmoja huvuta shingo na bega. Upo upasuaji wa kupunguza lililobaki. Daktari alipolitaja, Mama Salha aliweka mkono kwenye titi la kulia kama anayemkinga mtoto. "Hili halina kosa." Hatukulirudia.

Aliuliza pia kama titi la kujengwa linaweza kurudisha saratani. Kujenga titi hakurudishi saratani wala hakuiongezei nafasi. Linaloweza kumwathiri mgonjwa ni kidonda kisichofunga, kwa kuwa matibabu yanayofuata hayaanzi juu ya kidonda kibichi, na kila wiki ya kusubiri kidonda ni wiki ya kuchelewesha mionzi. Na aliuliza kama atahisi akiguswa. Hapana, si kama zamani. Chuchu nayo ni kazi ya pembeni, hushonwa kutoka kwenye ngozi na rangi yake hutiwa kwa sindano.

Hizo habari alizibeba nyumbani.

Kwenye kikao cha familia sikukaribishwa, nimesimuliwa na yeye pamoja na wifi yake, na masimulizi yao hayalingani. Ninachokiamini ni hiki. Wifi alisema wazi: una watoto watatu, mdogo yuko darasa la nne, titi la nini tena? Neno kali, lakini lilijibika, na lilijibiwa. La mume lilikuwa gumu zaidi. Anafanya kazi bandarini, mtu wa maneno machache, akasema: "Mimi namtaka mke wangu mzima, titi sina haja nalo." Kila aliyekuwepo aliona ni mapenzi, nami naamini alikusudia mapenzi. Lakini mwenyewe aliniambia, "Nesi, pale nilinyamazishwa. Ningesema nini tena? Kwamba mimi nina haja nalo?" Kauli nzuri ya mume inaweza kumfungia mke mazungumzo kuliko matusi ya wifi. Tangu hapo nikiona mume anajibu kabla ya mke kuulizwa, namwomba aende akatuletee maji.

Suala la dini lilipelekwa kwa ustadhi wa mtaani, wasiwasi ukiwa kubadilisha maumbile aliyoumba Mungu. Ustadhi alimletea habari ya swahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kuziba kasoro iliyoletwa na jeraha au ugonjwa, akasema, si sawa na kutafuta sura mpya kwa kutoridhika na uliyopewa. Alipoulizwa rangi ya chuchu inayotiwa kwa sindano, ustadhi akaomba muda wa kulitazama. Wote wawili walielewana kwamba hilo si la leo.

Aliyefungua fundo ni somo wake, yule bibi aliyemfunda alipoolewa, sasa yuko Pangani na macho hayaoni vizuri. Alimuuliza mambo mawili tu: "Ukiwa umevaa, unakosa nini? Na ukivua, unakosa nini?" Tulikuwa tumechanganya matatizo mawili kwa wiki nne, daktari, muuguzi, mume na wifi, na bibi wa Pangani akayatenganisha kwa pumzi moja.

Akiwa amevaa, jibu lilikuwa kazi. Fundi humsogelea mteja, mikono ikimzunguka na futi ya kitambaa, kifua mbele ya uso wa mtu. Wateja watatazama. Na akiinama kwenye cherehani upande mmoja utavuta. Akivua, alisema hajui. Hajawahi kuwa bila titi, atajuaje atakalokosa? Alitaka kwanza akae na kifua kimoja, amalize mionzi, ndipo ajibu la pili. La kwanza linahitaji titi la kuvaa, si la kujengwa.

Hiyo ndiyo "bado" niliyoiandika "amekataa".

Kwa maoni yangu uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Mionzi ilikuwa hakika, mfuko ungeharibika, nyama ya tumboni ingehitaji timu ya Dar na ingeweza kusinyaa ikipigwa mionzi baadaye. Wapo madaktari wanaojenga siku hiyo hiyo kwa nyama ya tumboni na kupiga mionzi juu yake, na wana matokeo mazuri kwenye mikono iliyozoea. Kwa mwanamke wa hatua ya tatu anayeishi saa sita kutoka kwa daktari atakayemrudia mshono ukiachia, mimi ningesema kama alivyosema. Ninachogombana nacho ni njia tuliyopita. Tulipaswa kumpeleka kwa daktari bingwa wa kurekebisha maumbile kabla ya kutoa titi, hata kama jibu lingekuwa subiri. Nauli na siku mbili. Hatukufanya, kwa sababu faili lilisema amekataa, na nani anampa rufaa aliyekataa?

Matokeo yake yako kwapani. Daktari aliyemtoa titi alifunga salama na kidonda kikapona, lakini kiliachwa kikunjo cha ngozi nyuma ya kwapa ambacho sidiria inakisugua. Kifua kinaweza kufungwa bapa na laini ikiwa daktari amejua mapema kwamba ndivyo mgonjwa atakavyoishi mwaka mzima au daima. Huyu alidhani ngozi ya ziada itamfaa wa kujenga, bila kuambiwa kama wa kujenga yupo.

Majibu ya maabara: uvimbe ulibaki sentimita 2, mitoki 14 ilitolewa na minne ilikuwa na saratani. Alipigwa mionzi awamu 15, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki tatu, akilala kwa mama yake mdogo Temeke. Ngozi ilikuwa nyeusi na kuchubuka chini ya kwapa, ikatulia. Tulimfundisha kuulinda mkono wa kushoto usivimbe: mazoezi, asipimwe presha wala kutolewa damu upande huo, na kila kidonda kidogo akioshe mara moja. Kwa fundi hilo la mwisho lina maana moja: sindano. Sasa anavaa kastabini hata kwa kushona kifungo.

Titi la kuvaa alianza na pamba. Likawa jepesi, likipanda mpaka kwenye mtulinga kila akinyanyua mkono. Akajaza mchele, likawa na uzito, likaleta wadudu, na halifuliki. Hapo akafanya kama fundi. Aliliegemeza titi la kulia kwenye mizani ya duka la jirani, mlango umefungwa, mwenye duka ambaye ni mwanamke mwenzake akisoma: gramu 640 hivi. Akakata vipande vinne kama vya kofia, akatia pamba juu na uzito chini upande wa kifua. Uzito wenyewe ni shanga. Alikata nyuzi za shanga zake za kiunoni, zile alizovishwa na somo, akaongezea za kununua, akazishonea kwenye mfuko wake wa ndani. Shanga za kioo zinafuliwa, zinakauka, haziozi. Mfuko umeingia kwenye sidiria aliyoishonea kitambaa cha ndani ili lisitoke akiinama.

Bega lilipungua kuuma ndani ya wiki chache, na wateja wanatazama futi. Swali la kwanza la somo limejibika. La pili nilimuuliza mwezi Septemba, nikiwa nimeshafuta mstari wangu wa buluu na kuandika chini yake kwa tarehe. Alikaa kidogo. Akasema usiku ni mzito kuliko mchana, na hajui kama ni titi au ni mwaka wenyewe. Mume hajasema lake, safari hii amemuuliza mkewe.

Kwa hiyo tulimwandikia rufaa ya kwenda kusikiliza tu. Daktari bingwa wa Dar alimpima mgongo na tumbo, akasema ngozi ipumzike miezi sita kwa uchache, yeye angependa mwaka, na tamoksifeni itasimamishwa kwa muda kabla ya upasuaji mkubwa kwa ajili ya hatari ya damu kuganda. Alimwonyesha pia kwamba kile kikunjo cha kwapani kinaweza kuondolewa peke yake, upasuaji mdogo, hata asipojenga chochote. Pesa zilijadiliwa mwisho kama kawaida yetu, ingawa zilikuwa kichwani mwa kila mtu tangu mwanzo: upasuaji, nauli, na wiki za cherehani kufunikwa, ambazo kwake ndizo ghali zaidi.

Tukahesabu kwenye daftari lake la vipimo. Mionzi iliisha katikati ya Julai. Miezi sita inaangukia Januari. Akatikisa kichwa: Januari shule zinafunguliwa, Desemba yote ni sare. Baada ya hapo? Ramadhani, na madera ya Idi yanaanza kuletwa kabla hata mwezi haujaandama.

"Basi andika," akaniambia, akinitazama mkono. "Bado. Aulizwe baada ya Idi. Kikunjo kitolewe, hicho nakitaka."

Nikaandika yote matatu, nikampa faili alisome kabla sijalifunga.